Nilimpeleka Baba kutazama roketi ya watu: boti ya Titusville na kituo cha Kennedy

Tiketi ya boti ilikuwa dola 110 kwa mtu mmoja. Tulikuwa wawili, mimi na baba yangu, kwa hiyo nililipa 220, wiki tatu kabla ya siku yenyewe. Tangazo lilisema tutatazama roketi ikiruka tukiwa majini, hakuna kichwa cha mtu mbele yetu, na tutakuwa karibu kuliko mtu yeyote aliye nchi kavu. Roketi yenyewe ni Falcon 9 ya kampuni binafsi ya SpaceX, iliyokuwa imepangwa kuwabeba watu wanne wa msafara wa Polaris Dawn mwishoni mwa Agosti 2024. Safari hiyo haikuwa ya serikali. Iligharamiwa na tajiri Jared Isaacman akishirikiana na SpaceX, naye mwenyewe alikuwa mmoja wa hao wanne.

Tangu nirudi, jamaa zangu wa Jacksonville hapa Florida, na wengine wa Orlando na Tampa, wameniuliza kama pesa hizo zina maana. Nimelipa, nimekesha, nimegombana na watu wa tiketi, na nimeona. Kwa hiyo nawaeleza wote mara moja.

Kwanza niseme kwa nini nilienda, maana bila hilo hukumu yangu haitaeleweka. Baba ni mvuvi wa Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ana miaka 74. Pale Ngomeni, nje baharini, ndipo Waitaliano walipojenga mitambo yao ya kurushia roketi, ile tunayoiita San Marco. Ni majukwaa yaliyosimama juu ya miguu ya chuma ndani ya maji, na roketi ya kwanza ya kupeleka setilaiti iliondoka pale Aprili 1967. Baba alikuwa kijana wa miaka 17. Mnamo tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya Jamhuri, waliirusha setilaiti ya Wamarekani, na kwa kuwa Kenya ilikuwa inaadhimisha siku yake wakaipa jina la Kiswahili: Uhuru. Ndiyo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Wanafunzi wa elimu ya anga wa kila nchi wanalijua jina hilo. Baba analijua kwa sababu nyingine. Siku hiyo wavuvi walikatazwa kutoka, naye alikaa ufukoni na nyavu mkononi, akaona moto ukipanda kutoka baharini.

Roketi ya mwisho pale iliruka mwaka 1988. Tangu hapo mitambo imesimama tu, ndege wa baharini wamepata pa kutua. Lakini Baba hakuacha kuuliza. Nilipokuwa mdogo alikuwa akisema: "Zile za kwetu zilikuwa hazina mtu ndani. Nataka kuona ile iliyo na mtu." Alipopata viza ya kuja kunitembelea, sikuwa na swali la nimpeleke wapi.

Sasa nije kwenye huduma.

Tulipangiwa usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 27 Agosti. Roketi ilikuwa iruke saa tisa na dakika 38 usiku. Mimi natunza wazee katika nyumba moja hapa Jacksonville, na kupata siku tatu za mapumziko kwa pamoja si jambo dogo. Niliomba zamu zangu zibadilishwe mwezi mzima mapema. Tukaendesha gari saa mbili na zaidi hadi Titusville, mji ulio ukingoni mwa Indian River, ambao licha ya jina lake si mto bali ni hori refu la maji ya chumvi. Ng'ambo ya pili unaona jengo kubwa la mraba walikokuwa wakiunganishia roketi za kwenda mwezini, na kushoto kwake kwa mbali kuna kituo cha 39A, pa kurushia roketi. Ndipo Apollo 11 ilipoondokea Julai 1969. Tangu mwaka 2014 SpaceX wamekikodi kutoka NASA, shirika la anga la Marekani.

Tukiwa tumeshaingia hotelini, ujumbe ukaja: heliamu inavuja kwenye kiungo cha mtambo wa ardhini, safari imesogezwa siku moja. Sawa. Jioni ya tarehe 27 ukaja wa pili: safari imeahirishwa tena, hali ya hewa baharini ni mbaya kule kitakakotua chombo wakati wa kurudi. Tarehe mpya haijulikani.

Hapa ndipo ugomvi ulipoanza. Nilikwenda kwenye ofisi ya boti nikaomba pesa zangu. Binti wa dirishani akaniambia pesa hazirudi, ila tiketi itahamishiwa roketi inayofuata, yoyote ile. Nikamwambia sikununua roketi yoyote, nimenunua ile yenye watu. Akasema ile yenye watu ina bei yake, na kama nataka kuisubiri niongeze dola 30 kwa kila mtu. Katika tangazo hakukuwa na neno hata moja kuhusu hilo. Nilisoma upya maandishi madogo yote nikiwa nimesimama palepale. Liliandikwa "hakuna marejesho", basi. Sitaitaja kampuni hiyo. Lakini mtu yeyote anayenunua tiketi ya namna hii aulize maswali mawili kabla ya kutoa kadi: roketi ikiahirishwa naenda na ipi, na nitaongezwa kiasi gani. Ajibiwe kwa maandishi.

Watu kwenye foleni walikuwa wamekasirika. Mmoja alitoka Ohio na watoto watatu. Kila mtu alikuwa akilalamika kwamba hapa Titusville mbingu ni safi kabisa, sasa hali ya hewa gani mbaya? Baba peke yake alikuwa ametulia. Nilipomtafsiria sababu waliyoitoa, akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo analolijua. "Wana haki," akasema. "Huangalii bahari ya kutokea. Unaangalia bahari ya kurudia."

Baadaye nilisoma zaidi nikakuta ndivyo hasa ilivyokuwa. Chombo chao, kinachoitwa Dragon, hakikuwa kinakwenda kwenye kituo cha anga cha kimataifa ambako wangeweza kukaa na kungoja. Kilibeba hewa na mahitaji ya siku tano, sita hivi. Kwa hiyo kabla ya kuondoka ilikuwa lazima wajue kwamba siku ile watakayorudi, mawimbi na upepo katika maji ya Florida vitawaruhusu kutua. Baba hakusoma popote.

Usiku huohuo tulipata kitu ambacho hatukukilipia. Saa kumi kasoro hivi, dirisha la hoteli likaanza kutetemeka. Nilidhani ni radi. Baba alishakuwa mlangoni, kikoi kiunoni, kanzu mkononi. Ilikuwa Falcon 9 nyingine, ya setilaiti za Starlink, imeondoka kituo cha jirani saa tisa na dakika 48. Tuliiona kutoka maegesho ya magari, imeshapanda juu, nyota nyekundu inayokwenda zake. Sehemu yake ya chini, ambayo ilikuwa inaruka kwa mara ya 23, iliporudi kutua kwenye meli baharini ikapinduka na kuwaka moto, na kwa sababu hiyo wakuu wa usafiri wa anga wakasimamisha Falcon zote kwa siku chache. Kwetu maana yake ilikuwa moja: turudi nyumbani.

Lakini siku ile ya katikati, Jumanne, hatukuikalia bure. Nilimpeleka Baba kwenye kituo cha wageni cha Kennedy, na hapa sifa zangu hazina kigugumizi. Nililipa kama dola 75 kwa kila mtu bila kodi, na 15 za maegesho. Ni pesa nyingi. Tulikaa saa nane na hatukumaliza.

Kwa sababu ya magoti ya Baba tulichukua kiti cha magurudumu pale mlangoni, na sikupata mahali hata pamoja ambapo kiti kilishindwa kupita. Basi la ndani lina ngazi ya kuteremka kwa ajili yake, na dereva hakumharakisha. Kwa anayemleta mzazi, hilo tu ni nusu ya tathmini.

Jengo la Atlantis, chombo cha NASA kilichokuwa kikipeleka watu angani na kurudi, limepangwa kwa akili nyingi. Wanakuingiza kwenye ukumbi mweusi, wanakuonyesha picha za jinsi ilivyobuniwa, kisha pazia linaondoka na chombo chenyewe kiko mbele yako, kimening'inizwa kwa ubavu, milango ya mgongoni wazi, kama kilivyokuwa angani. Si mfano. Ndicho kilichofanya safari 33 na kurudi mara ya mwisho Julai 2011. Vigae vyake vimeungua na kubabuka. Baba aliomba nimsogeze kila upande. Alitaka kuona tumbo lake, akasema chombo unakijua kwa tumbo, pale panapogusa maji.

Chini ya jengo hilohilo kuna chumba cha kumbukumbu cha wale waliokufa. Kuna kipande cha ubavu wa Challenger chenye bendera, na fremu za madirisha ya Columbia, vyombo vya aina moja na Atlantis. Challenger ililipuka Januari 1986 ikiwa na watu saba, mmoja wao mwalimu wa shule, Christa McAuliffe, ambaye alichaguliwa kati ya walimu zaidi ya elfu kumi na moja. Columbia ikavunjika ikirudi Februari 2003, saba wengine. Katika vioo wameweka vitu vya kila mmoja, vitu vya nyumbani, vya mtu aliyekuwa na familia. Watu huko ndani hawazungumzi. Baba aliinua mikono akawasomea dua, hakuuliza dini zao. Nakisifu kituo hiki kwa kutokificha chumba hicho. Mtu anayeuziwa ndoto ya kwenda angani anafaa apitishwe hapo kwanza. Hata hivi leo, kwa sheria ya Marekani, abiria wa kampuni hizi anatia saini kwamba ameelezwa hatari na ameikubali, basi, anapanda.

Kisha basi likatupeleka kwa Saturn 5, roketi iliyowapeleka watu mwezini. Imelazwa kwenye jumba lake, mita 111. Ukiianza kwenye injini zake tano ukatembea hadi ncha, umetembea kweli. Na hapo ndipo kuna jiwe la mwezi unaloruhusiwa kuligusa. Ni kipande kidogo, cheusi, laini kwa sababu ya vidole vya watu. Baba aliweka kidole akakiacha. Nyuma yetu kulikuwa na watoto wa shule wanangoja, nikawa namgusa bega, naye hasikii. Alipotoa mkono alisema, "Mwezi tunaufuata mwaka mzima. Maji kujaa na maji kupwa, kufunga na kufungua. Sikujua uko baridi hivi."

Sehemu ya vyombo vya kampuni binafsi iko kwenye jengo jipya lililofunguliwa mwaka 2022. Wametundika mtungi mmoja wa Falcon Heavy, roketi nyingine ya SpaceX, uliokwishakwenda na kurudi, wenye masizi mwili mzima kama sufuria ya kuni. Ukiuona ule utaelewa mabadiliko yaliyotokea kuliko kwa maelezo yoyote. Zamani roketi nyingi zilitupwa baharini zikishafanya kazi. Hii inarudi, inasimama kwa miguu, inapanguswa, inarushwa tena. Ndiyo maana bei imeshuka na ndiyo maana watu binafsi wanaweza kukodi safari nzima. Chakula cha pale ndani, kwa upande mwingine, ni ghali na hakina ladha. Bebeni chenu.

Tukarudi Titusville Jumatatu tarehe 9 Septemba, usiku. Tiketi ya ndege ya Baba ya kurudi Kenya ilikuwa ya tarehe 13. Nilikuwa nimeongeza dola 60 zile, kwa shingo upande, na nilikuwa nimebadilishana zamu na Mfilipino mmoja kazini ambaye nitamlipa fadhila zake hadi Krismasi.

Boti iling'oka gatini saa nane usiku. Tulikuwa abiria kama thelathini. Boti ni safi, viti vina migongo, kuna choo, kuna majaketi ya kuokolea ya kila saizi na nahodha alihakikisha kila mtu analijua lake. Kuna spika inayotoa sauti za watu wa SpaceX moja kwa moja, na kijana mmoja wa kampuni aliyekuwa akizieleza kwa ufasaha. Mbu ni wengi mno, na hilo halikuandikwa popote.

Lakini ukaribu tulioahidiwa haukuwepo. Tulikwenda dakika ishirini polepole, nahodha akatia nanga, na nilipogeuka niliona taa za bustani ya Space View pale Titusville, nikaona na watu wamekaa kwenye viti vyao vya kukunja. Kutoka ile bustani hadi 39A ni kama kilomita 19. Sisi huenda tulikuwa tumepunguza moja. Bustani ile ni bure. Daraja la Max Brewer lililo kando yake ni bure pia, na liko juu. Baba alipima kwa macho akasema hata wavu wa jarife haujafika mwisho wake. Ukumbi wa majini una raha yake, nitaueleza, lakini tangazo la "karibu kuliko wote" si la kweli na lingefaa kufutwa. Ufuo wa Playalinda ndio ulio karibu zaidi, nao hufungwa usiku.

Saa tisa na dakika 38 ikafika na kupita. Mvua ilikuwa inapita juu ya kituo na hawakuruhusu. Kijana wa spika akasema kuna nafasi nyingine mbili asubuhi hiyo, na kwamba wanangojea saa kumi na moja na dakika 23.

Ule muda wa kungoja, karibu saa mbili, ndio uliokuwa na thamani ya pesa zangu, na sijui kama kampuni yenyewe inalijua hilo. Taa za boti zilizimwa. Maji ya Indian River wakati wa joto huwaka. Vijidudu vidogo vinatoa mwanga vikiguswa, kama vile kwetu usiku wa giza ukichovya kasia. Baba alitia mkono majini, mkono ukavaa fedha mpaka kwenye kifundo. Watoto wa boti wakaja mmoja mmoja wakafanya kama yeye. Kisha samaki mmoja akaruka, pa, na mwingine, na wengine, wakiacha mistari ya mwanga. Baba akacheka kwa sauti. "Mkizi!" Na kweli walikuwa mkizi, Septemba ndio msimu wao wa kuteremka pwani ile kwa makundi. Akawaeleza watoto, mimi nikitafsiri, kwamba kwetu mkizi ana hasira, anaruka mwenyewe anaingia chomboni, na hasira yake ndiyo tija ya mvuvi. Mama mmoja wa Kimarekani aliniuliza kama baba yangu ni mwongozaji wa kampuni. Hapo nyuma ya boti, kitu kikapumua majini, pumzi nzito ya mnyama. Nahodha akasema jina lake kwa Kiingereza, Baba akasema nguva. Si yuleyule wa kwetu, lakini ni ukoo mmoja.

Saa kumi na moja na dakika ishirini spika ikawa kimya kidogo, halafu ikaanza kuhesabu.

Nimeona video nyingi za roketi. Hazinisaidii sasa kueleza. Kwanza ni mwanga, na mwanga hauna sauti. Upande wa mashariki ulikuwa mweusi, mara ukawa rangi ya chungwa, wote, na mawingu yaliyobaki ya ile mvua yakawaka kwa ndani. Niliona uso wa Baba kama mchana. Niliona kila uzi wa kofia yake. Moto ukajitenga na ardhi, ukasimama juu ya maji ya hori mara mbili, mmoja juu na mmoja chini, na boti nzima hakuna aliyetamka neno. Ukapanda ukiinamia kaskazini-mashariki. Na bado kimya. Tulikuwa mbali kiasi kwamba sauti ilichukua karibu dakika nzima kutufikia, na ilipofika haikuja kwa masikio, ilikuja kwa kifua. Mabati ya boti yalitetemeka. Ilikuwa mipasuko mingi mingi iliyofuatana, kama turubai kubwa linachanwa na halimaliziki. Wakati huo moto wenyewe ulishakuwa mdogo.

Nilikuwa nimeshika simu na sikupiga picha. Nilikuwa namtazama Baba. Midomo yake ilikuwa ikihesabu. Nilipomuuliza baadaye akasema alikuwa anahesabu watu: wanne. Isaacman, rubani mstaafu wa jeshi la anga Scott Poteet, na wahandisi wawili wa SpaceX, Sarah Gillis na Anna Menon. Majina nilikuwa nimemfundisha garini. Spika ilipotangaza kwamba sehemu ya chini imeachana na ya juu salama, boti ikashangilia. Baba hakushangilia hadi spika iliposema wameingia kwenye mzunguko. Hapo akasema Alhamdulillah, akakaa chini.

Tulirudi gatini wakati wa alfajiri ukiingia. Baba alitawadha kwa chupa ya maji, akatandika kanzu yake ya akiba kwenye mbao za gati, akaswali. Yule kijana wa spika alikuja akasimama kando yake, akawazuia watu wasipite mbele, wala hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Kwa ajili yake nimeongeza nyota moja.

Watu wameniuliza pia, sasa kiti chenyewe cha kwenda juu ni bei gani? Kwa SpaceX hakuna bei ya dukani. Wateja watatu waliokwenda kituo cha kimataifa na kampuni ya Axiom Aprili 2022 walitajwa kulipa dola milioni 55 kila mmoja. Dennis Tito, mtalii wa kwanza, alilipa Warusi kama milioni 20 mwaka 2001, na mwaka uliofuata Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akalipa kiasi kama hicho akawa Mwafrika wa kwanza kufika huko. Kampuni nyingine, Virgin Galactic, waliuza tiketi za dakika chache tu za kuelea kwa 450,000. Mimi nalipwa kwa saa. Sina chuki na wanaokwenda, kwa sababu nimesoma walichofanya hawa wanne: walifika zaidi ya kilomita 1,400 juu, mbali kuliko binadamu yeyote hadi siku hiyo tangu Apollo 17 ya mwaka 1972, na tarehe 12 Isaacman na Gillis wakatoa miili yao nje ya mlango wakajaribu mavazi mapya. Hilo si matembezi. Lakini naona dola 110 za boti ni bei inayoweza kumfikia mtu kama mimi, na ndiyo maana inaniuma inapozungushwa kwa maandishi madogo. Huyu wa dola 110 ndiye aliyenyimwa usingizi kwa wiki mbili, na anastahili kuambiwa ukweli kama yule wa milioni 55.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kituo cha Kennedy: nenda, beba chakula, tenga siku nzima, na usiruke chumba cha kumbukumbu. Boti: nenda kama una mzee asiyeweza kusimama kwenye daraja, au mtoto aliyelelewa mbali na bahari, na kama kampuni imekuandikia masharti ya kuahirishwa. Nyota tatu, pamoja na ile ya kijana. Kama una miguu yako na kiti cha kukunja, kaa bustanini bure, moto utauona uleule. Na kwa vyovyote usije kwa siku moja. Tenga tatu, na uwe tayari kuja tena.

Tarehe 12 tulitazama kwenye simu mlango wa chombo ukifunguliwa. Tarehe 13 nilimsindikiza Baba uwanja wa ndege. Jumapili tarehe 15 alinipigia kutoka Ngomeni, ilikuwa kwake saa tano kasoro asubuhi na kwangu bado usiku. Hakunisalimu vizuri.

"Wale wanne wako wapi?"

Nikamwambia wametua sasa hivi, Baba, karibu na visiwa vya Dry Tortugas, na meli imeshawafikia.

"Bahari ilikuwaje?"

"Shwari."

Nikasikia akiwageukia watu waliokaa naye ufukoni, akiwaambia: shwari, shwari.